Waandishi, Kamati, Watafiti au Mashabiki: Njia Nne za Kuchagua Magwiji, kwa Kipimo cha Besiboli

Chama cha michezo kinapoamua kuwaenzi wakongwe wake, ugomvi wa kwanza huwa juu ya majina: fulani aingie, fulani asiingie. Kwa maoni yangu majina yanaweza kusubiri. Orodha yenu itafananaje miaka ishirini ijayo inategemea zaidi nani mmempa karatasi ya kura na mmemwekea masharti gani. Kama mko hapo sasa, mnaandika kanuni na hamjaelewana, besiboli ya Marekani ina mengi ya kuwaonyesha. Imekuwa ikichagua magwiji tangu 1936, imebadilisha utaratibu mara nyingi, na makosa yake yote yako kwenye maandishi.

Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli uko Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York. Wa kwanza kuchaguliwa walikuwa watano: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Milango ilifunguliwa rasmi tarehe 12 Juni 1939. Anayechaguliwa hutengenezewa bamba la shaba lenye sura yake na maelezo mafupi ya aliyoyafanya, nalo huning'inizwa ukutani pamoja na ya wenzake.

Leo kuna milango miwili ya kuingilia: kura ya waandishi wa habari na kura ya kamati ndogo. Mlango wa tatu, wa watafiti wa historia, ulifunguliwa kwa namna ya pekee mwaka 2006. Wa nne, kura ya mashabiki, Cooperstown hawautumii, lakini besiboli iliujaribu kwa jambo jingine na matokeo yanajulikana. Nimeuingiza kwa sababu siku hizi hakosekani mjumbe wa kusema, "Tuweke mtandaoni, wananchi waamue."

Tunapima nini

Njia zote nitazipima kwa mambo yaleyale. La kwanza ni macho: wapiga kura walimwona mchezaji akicheza, na kama hawakumwona wana ushahidi gani? La pili ni upendeleo: urafiki, chuki na umaarufu vinazuiwa vipi? La tatu ni muda: heshima inamkuta mtu akiwa hai, na kosa likitokea linasahihishika? La nne ni kazi, yaani watu, fedha na uvumilivu unaohitajika. Kisha nitasema kila njia inamfaa nani. Nikiri wazi kwamba kwangu mimi la tatu lina uzito kuliko mengine.

1. Kura ya waandishi wa habari

Anayepiga kura ni mwandishi aliyedumu miaka 10 mfululizo katika chama cha waandishi wa besiboli wa Marekani. Mchezaji awe amecheza misimu isiyopungua 10, na awe amestaafu miaka 5 iliyopita. Kila mwandishi anaruhusiwa kuchagua majina yasiyozidi 10. Anayepata asilimia 75 anaingia. Anayepata chini ya asilimia 5 anaondolewa kwenye karatasi. Aliye katikati anarudi mwaka unaofuata, mpaka miaka 10 iishe. Kabla ya 2014 alipewa miaka 15.

*Macho.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Hawa ni watu waliokaa viwanjani usiku baada ya usiku, wakazungumza na wachezaji vyumbani mwao baada ya kushindwa. Hata hivyo mwandishi naye huzeeka na kuuacha mchezo, na Ukumbi ulilitambua hilo mwaka 2015, ulipowaondolea haki ya kura wale waliokwisha kukaa zaidi ya miaka 10 bila kuuripoti.

*Upendeleo.* Kura zinafika karibu 400, kwa hiyo chuki ya mtu mmoja humezwa na wengi. Ila kundi lenyewe linaweza kuwa na desturi zake. Kwa zaidi ya miaka 80 hakuna aliyepata kura zote. Cobb alipata 222 kati ya 226, Ruth 215 tu. Ukuta huo ulivunjwa na Mariano Rivera mwaka 2019 kwa kura 425 kati ya 425. Mwaka uliofuata Derek Jeter alipungukiwa na moja, akapata 396 kati ya 397, na Ichiro Suzuki naye mwaka 2025 akapata 393 kati ya 394. Mwaka 2016 waandishi wenyewe waliazimia kila karatasi ichapishwe hadharani. Bodi ya Ukumbi ikakataa.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye sentensi moja ya kanuni. Inamwambia mpiga kura azingatie rekodi ya mchezaji, uwezo wake, uadilifu, uanamichezo, tabia na mchango wake kwa timu. Mambo sita, na hakuna aliyesema lipi lina uzito gani. Barry Bonds alipiga homurani 762 (mipigo inayoupeleka mpira nje ya uwanja), nyingi kuliko mtu yeyote, na Roger Clemens alishinda mechi 354 akiwa mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira. Wote wawili waliandamwa na tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Mwandishi mmoja akasoma sentensi ile akaona rekodi, jirani yake akaona tabia. Miaka 10 ikaisha mwaka 2022, Bonds akiwa na asilimia 66.0 na Clemens 65.2, wote nje. Usikubaliane nami kama hutaki, lakini neno "tabia" likiingia kwenye kanuni bila maelezo, mmewaachia wapiga kura wenu kazi ambayo ninyi mlipaswa kuimaliza.

*Muda.* Njia hii ni ya polepole, na upolepole huo una faida yake. Larry Walker alishuka hadi asilimia 10.2 mwaka 2014, akaingia mwaka 2020, mwaka wake wa kumi na wa mwisho, kwa 76.6. Billy Wagner alianza na 10.5 mwaka 2016, akakosa kwa kura 5 mwaka 2024, na mwaka uliofuata, wa mwisho kwake, akavuka kwa 82.5. Watu walibadili mawazo kwa sababu walipewa nafasi ya kuyabadili. Sasa mtazame Lou Whitaker. Alicheza misimu 19 Detroit, akapata asilimia 2.9 mwaka 2001, jina likafutwa hapohapo. Kizingiti cha asilimia 5 kinasafisha karatasi, na wakati mwingine kinafuta mtu ambaye hoja yake haijasikilizwa. Ipo pia miaka ambayo waandishi hawakumpitisha yeyote, kwa mfano 1996, 2013 na 2021.

*Kazi.* Inataka waandishi wengi wasiolipwa na klabu. Hilo ndilo sharti gumu. Karatasi na posta ni rahisi.

*Inamfaa nani.* Shirikisho la taifa kwenye nchi yenye vyombo vingi vya habari vinavyoripoti mchezo huo mwaka mzima. Mahali ambapo wanahabari wa mchezo huo ni wanane, na watano wamewahi kuwa wasemaji wa klabu, hii siyo njia yenu.

2. Kamati ndogo

Waliokosa kwa waandishi, pamoja na makocha, waamuzi na viongozi, hupelekwa kwa kamati ya watu 16. Tangu 2022 kuna kamati ya waliong'ara kabla ya 1980 na ya waliong'ara kuanzia hapo. Inaletewa majina 8, kila mjumbe anachagua yasiyozidi 3, na anayetaka kuingia anahitaji kura 12.

Kaa na kalamu upige hesabu hiyo, maana ndiyo siri ya njia hii. Wajumbe 16 mara majina 3 ni kura 48. Ukizigawa kwa 12 unapata watu 4, na hapo ni lazima kila mjumbe atumie kura zake zote na hakuna hata moja ipotee. Zikigawanywa sawa kwa wagombea 8, kila mmoja anapata 6, nusu ya anachohitaji. Kwa hiyo mgombea mzuri anaweza kuanguka kwa sababu tu ya wagombea wazuri walio pembeni yake.

*Macho.* Ukiacha wanahistoria na wanahabari waliomo, wajumbe wengi ni magwiji wenyewe na viongozi wa klabu. Wanajua mambo ambayo takwimu hazisemi: nani alikuwa tishio kiasi cha warushaji kumkwepa, nani aliwalea chipukizi.

*Upendeleo.* Ni hatari yake kubwa. Frankie Frisch aliingia kwenye kamati ya wakongwe mwaka 1967, baadaye Bill Terry akaungana naye. Kuanzia 1970 ikaanza safari ya wachezaji wa zamani wa New York Giants na St. Louis Cardinals, timu walizochezea wao: Jesse Haines, Dave Bancroft, Chick Hafey, Ross Youngs, George Kelly, Jim Bottomley. Wanahistoria wengi wa mchezo huwataja hadi leo kama mfano wa magwiji walioingia kwa kujuana. Mwaka 2018 Harold Baines, ambaye kwa waandishi hakuwahi kuvuka asilimia 6.1, alipata kura 12 kamili. Kwenye meza walikuwepo mwenye klabu yake ya Chicago White Sox, kocha aliyemfundisha hapo na mchezaji mwenzake wa Baltimore. Baines alikuwa mpigaji hodari, mipigo halali 2,866 (inayomfikisha mpigaji salama kituoni) haipatikani kwa bahati, na simlaumu yeye. Nalaumu utaratibu uliomfanya aingie huku watu wakinong'ona.

Dawa ambayo wengi huifikiria ni kupanua kamati iwe ya magwiji wote walio hai. Cooperstown waliijaribu. Mwaka 2003, 2005 na 2007 kamati ya namna hiyo haikumpitisha mchezaji hata mmoja. Waliokwisha kuingia hawakuwa na haraka ya kuongeza wenzao.

*Muda.* Kamati inaweza kusahihisha haraka. Fred McGriff aliishia asilimia 39.8 kwa waandishi, kamati ikampa kura 16 kati ya 16 Desemba 2022. Lakini inakutana kwa zamu, na kati ya zamu na zamu watu wanakufa. Ron Santo alifariki Desemba 2010, akachaguliwa Desemba 2011. Dick Allen alikosa kwa kura moja mwaka 2014. Kamati iliyokuwa imfikirie tena Desemba 2020 iliahirishwa kwa sababu ya korona, naye akafariki tarehe 7 ya mwezi huohuo. Ilipokutana mwaka 2021 akakosa tena kwa kura moja. Alipita Desemba 2024, na familia ndiyo iliyopokea heshima. Aliyechaguliwa pamoja naye, Dave Parker, alizisikia habari njema akiwa hai, ila alifariki tarehe 28 Juni 2025, na sherehe ilikuwa tarehe 27 Julai.

Tangu 2025 kuna sharti jipya: anayepata chini ya kura 5 harudi zamu inayofuata. Desemba mwaka huo liliwakuta Bonds na Clemens.

*Kazi.* Nyepesi kuliko zote. Chumba kimoja, siku moja.

*Inamfaa nani.* Klabu, shule au chama cha mkoa chenye wazee wanaoaminika, mradi kanuni iseme kwamba mjumbe mwenye uhusiano na mgombea anatoka nje jina hilo linapojadiliwa.

3. Jopo la watafiti

Kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi, kuvunja ubaguzi wa ligi kuu mwaka 1947, wachezaji weusi walikuwa na ligi zao. Magazeti makubwa ya wazungu yaliwaripoti kwa nadra, na vitabu vya takwimu viliwaacha. Unampimaje mtu ambaye rekodi yake haikuhifadhiwa? Mwaka 1966, Ted Williams akipokea heshima yake mwenyewe, alisimama Cooperstown akasema anatamani siku moja Satchel Paige na Josh Gibson, nyota wa ligi hizo, nao waingie. Kamati maalumu ikawaingiza Paige mwaka 1971 na Gibson 1972, na ilipofungwa mwaka 1977 ilikuwa imechagua 9 tu.

Kazi kubwa ilifuata baadaye. Ukumbi uliagiza utafiti kwa fedha za ligi kuu, wanahistoria wakapekua magazeti ya jamii ya weusi mechi baada ya mechi. Majina 94 yakachujwa hadi 39, na Februari 2006 wataalamu 12 wakakutana Tampa, Florida, na kuchagua 17 kwa mpigo, akiwemo Effa Manley, mmiliki mwenza wa timu ya Newark Eagles na mwanamke wa kwanza kuingia Ukumbini.

*Macho.* Wengi wa wapiga kura hawakumwona mgombea hata mara moja, lakini walisoma juu yake kuliko mtu mwingine yeyote. Na ushahidi wa namna hii huendelea kukua. Mwaka 2024 takwimu za ligi za weusi zilipounganishwa rasmi na za ligi kuu, wastani wa kupiga wa Gibson (mipigo halali kwa kila jaribio), .372, ulipanda juu ya ule wa Cobb wa .367.

*Upendeleo.* Urafiki unapungua. Unakuja upendeleo wa aina nyingine: aliyeacha takwimu anamshinda aliyeacha mchango usiohesabika. Buck O'Neil alikuwa mchezaji na kocha wa Kansas City Monarchs, timu ya ligi za weusi, kisha kocha msaidizi mweusi wa kwanza katika ligi kuu, na ndiye aliyezunguka Marekani nzima akisimulia habari za ligi hizo mpaka watu wakazijali. Jopo halikumchagua.

*Muda.* Hapa naumia. Tarehe 30 Julai 2006, O'Neil mwenye miaka 94 alikubali kupanda jukwaani Cooperstown kuwasemea wale 17, wote wakiwa marehemu. Aliwashikanisha watu mikono, wakaimba pamoja naye. Oktoba akafariki. Kwa kuwa jopo lilikuwa la mkutano mmoja, hapakuwa na wa kumrudia. Yeye na Minnie Miñoso, aliyeachwa siku ileile, walichaguliwa Desemba 2021, wote wakiwa wameshaondoka.

*Kazi.* Ghali na ndefu. Ni miaka ya kusoma magazeti ya zamani.

*Inamfaa nani.* Mchezo ambao sehemu ya historia yake ilifichwa au haikuandikwa: wanawake, timu za mashuleni, ligi za mitaani, enzi za ukoloni.

4. Kura ya mashabiki

Nitaipitia haraka. Mwaka 1957 mashabiki walipewa nafasi ya kuchagua vikosi vya mechi ya nyota, inayokutanisha wachezaji bora wa ligi. Gazeti la Cincinnati likachapisha karatasi zilizokwisha kujazwa majina ya wachezaji wa nyumbani, na wachezaji 7 wa timu hiyo wakapita. Ford Frick, kamishna yaani mkuu wa ligi, aliwaondoa wawili, akawaweka Willie Mays na Hank Aaron wa timu nyingine, na mashabiki wakanyimwa kura mpaka 1970.

*Macho* yapo mengi, ila hutazama jana na leo, na mzee wa miaka ya sitini hana wafuasi mtandaoni. *Upendeleo* ni wa wingi: timu yenye mji mkubwa inashinda. *Muda* ni mfupi na *kazi* ni ndogo, na hapo ndipo mvuto wake ulipo. *Inamfaa* anayetaka kuamsha hamasa, kwa mfano tuzo ya mchezaji wa mwaka. Kwa heshima ya kudumu, waachieni mashabiki kupendekeza majina.

Mchague vipi kulingana na hali yenu

Ninyi ni shirikisho lenye historia ndefu na vyombo vya habari hai? Anzeni na waandishi, na muwe na kamati nyuma yao ya kuwaokoa waliosahaulika. Msiige kizingiti cha asilimia 5 kwa mwaka wa kwanza wa mgombea. Mpeni walau miaka miwili.

Ninyi ni chama kichanga? Uganda, kwa mfano, ambako vijana wa Lugazi mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani, bado wahusika wengi wako hai na wanafahamiana. Kamati ndogo inatosha, kwa sharti la kujitoa. Fedha zenu ziwekeni kwenye kutunza karatasi za mechi, picha na majina kamili ya wachezaji, ili jopo la watafiti miaka hamsini ijayo lisianze na mikono mitupu.

Mna kizazi kilichoachwa nje? Undeni jopo la watafiti, lakini lipeni vikao viwili au vitatu vilivyotenganishwa na miaka kadhaa. Na tengeni nafasi kwa watu wa aina ya O'Neil, ambao mchango wao haumo kwenye takwimu.

Mna gwiji mwenye kashfa? Amueni kanuni kabla jina lake halijafika mezani. Pete Rose, mwenye mipigo halali 4,256, alifungiwa mwaka 1989 kwa kucheza kamari, na mwaka 1991 Ukumbi ukatunga kanuni kwamba aliyefungiwa hapigiwi kura. Kwa kuwa ilikuja baada ya adhabu yake, wengi waliiona kuwa imetungwa kwa ajili yake. Alifariki Septemba 2024, na Mei 2025 kamishna akawaondoa marehemu wote kwenye orodha ya waliofungiwa.

Na kwa kila chama, njia yoyote mtakayoichukua, andikeni kifungu cha dharura. Roberto Clemente alikufa tarehe 31 Desemba 1972, ndege iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la Nicaragua ilipoanguka baharini. Waandishi walikubali kuweka kando sharti la miaka 5, wakapiga kura maalumu, na mwaka 1973 akaingia kwa kura 393 kati ya 424. Kifungu chenu kisisubiri ajali. Kiruhusu kikao maalumu kwa mgombea mgonjwa au aliyevuka umri fulani, tuseme miaka 80, na kitaje ni nani mwenye mamlaka ya kukiitisha na ndani ya siku ngapi.